Boliti Moja Chini ya Kiti

Kama wiki iliyopita gazeti lilikupita, usisikitike. Hukukosa furaha yoyote. Kwangu furaha ilihama bila kuaga.

Nikukumbushe kwa ufupi, maana hata kusimulia kwenyewe kunanichosha.

Mimi ni fundi umeme wa magari. Miezi minne iliyopita mke wangu alirudi kwao. Sikumfukuza, sikumpiga, wala hakukuta kanga ya mtu kitandani. Alichoshwa na mdomo wangu. Miaka tisa ya ndoa, alisema, hajawahi kunisikia nikikubali kosa hata moja. Chai ikimwagika, meza ndiyo mbovu. Kazi ikiharibika, betri za siku hizi hazina maana.

Siku anaondoka alisimama mlangoni na begi lake, akaniambia, "Siku utakayosema 'nimekosea mimi', ukaishia hapo hapo bila kutia 'lakini', nitarudi."

Nikamjibu, "Sawa, lakini..."

Akafunga mlango.

Basi mama mkwe, ambaye kwa kweli ananipenda kuliko ninavyostahili, akanitafutia njia ya kurudi. Marehemu mumewe aliacha gari la zamani, injini yake imekufa kabla ya mwenyewe. Mama akasema lifufuliwe, na kazi hiyo tuifanye wawili: mimi na mwanawe wa kiume, shemeji yangu, ambaye mji mzima unamwita Besi kwa sababu kazi yake ni kufunga muziki kwenye magari.

Tukapata injini ya gari jipya zaidi. Injini ya aina ile ina kompyuta yake, kidubwana cha ukubwa wa kitabu, ndicho kinachoamuru mafuta na moto. Kikichanganyikiwa, gari linazima. Hiyo ikawa kazi yangu. Ya shemeji ikawa sauti.

Na sauti yenyewe haikuwa ya muziki. Marehemu alikuwa dereva wa safari ndefu, na barua zilimshinda. Alikuwa anajirekodi kwenye kaseti, anamtumia mkewe nyumbani. Mama alitaka kitu kimoja tu: akae kwenye gari la mumewe, amsikie mumewe.

Sharti lake pia lilikuwa moja. "Dashibodi yake asitoboe mtu."

Sasa vitu vyote vile viende wapi? Palibaki mahali pamoja, chini ya kiti cha abiria. Kompyuta yangu na amplifaya ya shemeji, ile ya kukuza sauti, zikawekwa pale ubavu kwa ubavu, kama wake wenza waliopewa chumba kimoja. Spika yake kubwa ya besi ikakaa nyuma ya kiti hicho hicho.

Siku ya kukabidhi, mama akapanda, mkoba mapajani. Injini ikanguruma vizuri. Mke wangu alisimama pembeni akinitazama, na macho yake yalikuwa yameanza kulegea. Shemeji akawasha, akaongeza sauti. Marehemu akasema, "Mama watoto, nimefika salama, na nilitaka u..."

Gari likazima. Kimya.

Tukajaribu tena, likazima pale pale. Mara ya tatu mama akaanza kulia bila sauti.

Nikainama, nikapitisha mkono chini ya kiti, nikainuka. Watu wote walinikodolea macho. Nikanyoosha kidole. "Ni sumaku," nikasema. "Sumaku za spika zako zinaivuruga kompyuta yangu, shemeji."

Ndipo tulipoachana wiki iliyopita.

*

Shemeji hakubisha. Laiti angebisha!

Aling'oa spika zake siku ile ile. Tukawasha gari bila spika, tukalizungusha mtaa mzima. Halikuzima hata mara moja. Kila mtu akasema, "Kumbe kweli, ni sumaku."

Mimi nikaitikia kwa kichwa kama daktari.

Maneno yana miguu, jamani. Kufikia siku ya tatu mji mzima ulikuwa unajua kwamba spika za Besi zinaua injini. Wateja wake wakaanza kurudi, wanataka zing'olewe. Mmoja alikuja na mkewe mjamzito, akamfokea Besi mbele ya watu kwamba alitaka kuwaua barabarani.

Nilipita dukani kwake siku ya tano. Nilimkuta juu ya ngazi, anafungua kibao chake.

"Unafanya nini, shemeji?"

"Nafunga."

"Unafunga nini?"

"Nafunga kazi." Akashuka na kibao, akakiegemeza ukutani, maandishi yakiangalia ukuta. "Unajua nimefunga besi kwenye magari mangapi? Miaka kumi na moja. Na mengi ya siku hizi yana hizo kompyuta. Nawaza lile litakalozima katikati ya barabara, lori linakuja nyuma. Silali, shemeji."

"Usijitese bure."

"Bure? Wewe mwenyewe umeniambia ni sumaku. Wewe ndiye unayejua umeme." Akanitazama kwa macho mekundu yasiyo na ubaya wowote. "Nimepata kazi ya kubeba maboksi kwenye ghala, mji mwingine. Naondoka Jumamosi. Zile spika za gari la baba chukua wewe. Sitaki kuziona."

Hapo ndipo nilipotakiwa kufungua mdomo. Nikafungua.

"Pole, shemeji," nikasema. "Ndiyo kazi."

Mdomo wangu huu nimeuchoka kuliko mtu yeyote anavyouchoka. Nikabeba spika zake, moja moja, mpaka karakana kwangu. Ile ya besi ni nzito kama mtoto aliyelala.

*

Karakana yangu naishiriki na fundi rangi. Ni mtu wa maneno machache na pua kubwa, na gari la marehemu ndiye aliyelipaka, mpaka chini ya viti, mahali pasipoonekana na mtu. Siku ananikabidhi alinishika bega akaniambia, "Fundi, sakafu ile nimepiga mikono mitatu. Tafadhali usinikwangulie."

Asubuhi iliyofuata alinikuta nimeketi ndani ya gari la marehemu, lililorudishwa kwangu, mlango wazi, spika ya besi imenilalia mapajani.

"Unaiongelesha?" akauliza.

"Nataka kuhakikisha kitu."

Nikawasha injini. Nikaipindua spika, nikaiweka juu ya kompyuta yenyewe, sumaku imegusa kifuniko, ukaribu ambao shemeji hakuwahi kuufikia. Nikasubiri.

Injini ikaendelea kunguruma. Haikukohoa wala kusita.

Nikaigeuza huku, nikaigeuza kule. Nikaongeza mafuta, nikapunguza. Kompyuta haikujali kabisa.

Fundi rangi akainama, akaangalia. "Mbona halizimi?"

"Nami nashangaa."

"Si ulisema sumaku?"

"Nilisema."

Akakuna kidevu kwa mkono wenye rangi ya bluu. "Waya za hasi ulizifunga wapi?"

Nieleze kidogo, kwa wasio mafundi. Kila kitu cha umeme kwenye gari kinahitaji waya wa kurudishia umeme, ule wa hasi, nao unafungwa kwenye chuma cha bodi. Chuma kitupu, kilichokwanguliwa mpaka king'ae. Ukifunga juu ya rangi, umeme unabaki unatafuta njia. Na kompyuta ya injini ni kitu chenye madaha. Haitaki kushiriki boliti na amplifaya, kwa sababu amplifaya ikiongezwa sauti inakunywa umeme kwa pupa, mwenzake anabaki hoi. Bila spika amplifaya inalala tu, na gari halizimi.

"Chini ya kiti," nikamjibu.

"Ulikwangua rangi yangu?"

"Hukutaka nikwangue."

Akajifuta mkono kwenye suruali. Kisha akasema taratibu, "Sikutaka ukwangue hovyo. Mahali pa waya si ungeniambia tu? Ningekukwangulia mimi mwenyewe, mahali padogo kama kifungo, nikakupakia pembeni."

Akaondoka kwenda kuchanganya rangi zake.

Nikalala kifudifudi, nikaingiza mkono na spana. Ilikuwepo. Boliti moja, waya mbili, wangu na wa shemeji, zimebanwa pamoja juu ya mikono mitatu ya rangi ya bluu. Nilipoifungua ilitoka na kipande cha rangi kimeganda chini ya kichwa chake, duara kamili, upande mmoja umeungua mweusi.

Nikakwangua mahali pawili, mbali mbali, kwa msasa mpaka chuma kikang'aa. Kompyuta nikaipa boliti yake, amplifaya ya kwake. Nikarudisha spika zote. Nikaweka kaseti, nikaongeza sauti mpaka vioo vikatetemeka.

"Mama watoto, nimefika salama, na nilitaka u..."

Nikafunga macho.

"...jue kwamba safari hii nimekuwazia sana."

Gari halikuzima. Sauti ya yule mzee ikajaa karakana nzima, na kule nyuma fundi rangi akaacha kukoroga. Mzee aliendelea kuongea, mara bei ya matairi, mara dereva mwenzake anayekoroma, nami nimejiinamia kwenye usukani nalia kama mtoto mdogo.

Ilikuwa Ijumaa. Shemeji anaondoka kesho yake. Nikaitia ile boliti mfukoni, nikaenda kwa mama mkwe.

*

Njiani nilijifunza maneno yangu kama mwanafunzi anayeogopa mtihani. Nimekosea mimi. Nukta. Nimekosea mimi. Nukta. Aliyepishana nami lazima alidhani nimerukwa na akili.

Nilitegemea kumkuta mama peke yake. Nikawakuta wote.

Mama mkwe alikuwa kwenye kiti chake karibu na dirisha. Shemeji alikaa sakafuni kando ya boksi la safari, anafunga kamba. Na mke wangu alikuwa amesimama katikati ya chumba, amevaa viatu vya kutokea. Begi lake lilikuwa mlangoni.

Lile lile begi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, tulikuwa tunakutaja wewe. Keti."

Nikaketi kwenye ukingo wa kiti. 

"Mwambie mwenyewe," mama akamwambia binti yake.

Mke wangu akatazama viatu vyake. "Narudi nyumbani," akasema. "Nilikuwa nakuja. Begi hilo hapo."



"Siku ile ya gari nilikuwa nakuangalia," akaendelea. "Nilijua utamfokea kaka. Nilijua utamwita mjinga mbele ya mama, maana ndivyo ulivyo. Hukumfokea. Ulisema jambo moja, kwa upole, ukanyamaza. Tena nimesikia umekwenda dukani kwake kumpa pole. Nikajiambia, huyu mtu kumbe anaweza."

Msomaji, nimewahi kupigwa na umeme mara nyingi. Hakuna uliowahi kunipiga kama maneno yale. Mke ninayemlilia miezi minne amevaa viatu, anarudi, na kinachomrudisha ni ule uongo wangu niliousema kwa sauti ya chini.

Ningeweza kunyamaza. Sitakudanganya, nilifikiria. Nilipiga hesabu ya haraka: begi nalibeba mimi, tunatoka, shemeji anapanda basi lake kesho, maboksi ya ghalani hayajamuua mtu. Mwaka ukipita yote yatasahaulika.

Kisha nikamwona shemeji anavuta kamba kwa meno. Vidole vyake vile ambavyo vingeweza kuunga waya mwembamba kama unywele, sasa vinajifunza mafundo ya boksi.

"Nimekosea mimi," nikasema.



Mke wangu akainua uso pole pole. Akasubiri. Najua alikuwa anasubiri nini. Nami neno lile lilikuwa limeshapanda mpaka kwenye meno. Nikalibana.

"Si sumaku. Spika za shemeji hazina kosa. Gari lilizima kwa sababu yangu. Nimekosea mimi."

Halikuja. Lilibaki huko huko ndani. Nikaona machozi yanamjaa mke wangu, nami nikasema moyoni, Mungu wangu, kumbe ni rahisi hivi?

Shemeji akaacha kamba, akacheka kicheko cha huruma. "Shemeji, hapana. Usinibebee."

"Sikubebei. Nakwambia kweli."

"Gari tumelizungusha bila spika, halikuzima. Kila mtu ameona. Unataka nisiondoke, najua, na nakushukuru. Mama, unamsikia? Anataka kujipaka matope kwa ajili yangu."

"Namsikia," mama akasema, anajipangusa macho kwa ncha ya kanga. "Nilimwambia binti yangu, mwanamume huyu ana moyo."

"Mama, sina moyo wowote. Nisikilizeni!"

"Basi, baba," mke wangu akasema, na akanishika mkono mbele ya mama yake, jambo ambalo hajawahi kulifanya. "Inatosha. Kama hata kosa lisilo lako unaweza kulichukua, mimi sina neno tena. Twende nyumbani."

Angalia mikosi yangu ilivyo na adabu. Miaka tisa nasema uongo naaminiwa. Siku moja nasema kweli, nageuzwa malaika.

Na mkono wake ulikuwa wa moto ndani ya mkono wangu. Nilitamani sana kuondoka nao. Nilichoka, jamani. Nilichoka kupika peke yangu, kula nimesimama, kuongea na redio. Kweli nimeshaisema, nikajiambia. Wakikataa kuiamini, hilo ni lao.

Shemeji akarudi kwenye kamba zake.

Nikauachia mkono wa mke wangu. Nikatoa boliti mfukoni, nikamwekea shemeji kwenye kiganja.

"Itazame," nikasema.

Aliigeuza mara moja tu. Fundi hahitaji kuigeuza mara mbili. Akapitisha ukucha kwenye lile duara la bluu, akafika palipoungua, akasimama hapo.

"Waya wangu na wa kompyuta," akasema. "Boliti moja?"

"Moja."

"Juu ya rangi?"

"Juu ya rangi."

"Nilikuachia waya wangu nikakwambia uutafutie mahali pake peke yake. Ukaniambia tayari."

"Nilikwambia."

"Nimekiteremsha kibao changu." Hakupandisha sauti. Heri angenirushia boliti ile usoni. "Yule bwana alinitukana mbele ya mkewe, nikamwomba radhi. Nimewaomba radhi watu tisa, shemeji. Nimepita nyumba kwa nyumba."

Mama mkwe akaacha kujipangusa. Akanitazama kama mtu anayejaribu kukumbuka amewahi kuniona wapi.

Mke wangu akachukua boliti kutoka kwa kaka yake. Hajui kitu kuhusu waya, huyu. Anachokijua ni mimi. Akaitazama kidogo tu, kisha akanitazama mimi muda mrefu.

"Ulijua lini?" akauliza.

Sasa nikuombe radhi na wewe, msomaji, maana wiki iliyopita nilikuficha jambo. Nilikwambia nilipitisha mkono chini ya kiti, nikainuka. Sikukwambia nilichokigusa.

Niliigusa boliti ile. Ilikuwa ya moto kiasi cha kuunguza, na ilicheza chini ya kidole changu kama jino la mtoto. Fundi umeme akigusa boliti ya namna hiyo hahitaji kuambiwa. Nilijua kabla sijanyoosha mgongo. Nilijua mama akilia, nilijua nikinyoosha kidole. Nilijua kwenye ngazi ya duka la shemeji. Na majaribio yale ya karakana, sumaku juu ya kompyuta, sikuwa natafuta ukweli. Nilikuwa naomba sumaku ipatikane na hatia.

"Nimekuuliza," akasema mke wangu. "Umejua leo, au ulijua siku ile?"

Shemeji alinitazama. Mama alinitazama. Begi lilikuwa mlangoni.

Jibu lilikuwa maneno mawili tu. Siku ile. Nukta.

"Siku ile," nikasema.

Akainamisha kichwa kidogo, kama mtu anayepokea mzigo na bado hajaamua kama atauweza. Hakusogea kwenda popote. Alikuwa bado amevaa viatu. Naapa alikuwa bado anafikiria, na kama ningebana meno kwa pumzi mbili tatu zaidi, sijui.

"Lakini fundi rangi," nikasikia mdomo wangu ukisema, "ndiye aliyeniambia nisi..."

Mke wangu akaketi kwenye mkono wa kiti cha mama yake. Akainama, akaanza kufungua kamba za kiatu cha kwanza.